Shefu-bandi Hapigi Kelele

Zulfa mwanangu,

Salamu sikutumii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyofungua na kufunga zipu ya begi kana kwamba nguo zitaongezeka. Namshukuru Mungu u mzima, na mimi ni mzima wa kutosha kushika kalamu. Chakula cha njiani, dawa ya tumbo, namna ya kuficha pochi mpakani, hayo jirani yetu Mama Divine amekuambia mara nyingi hata kuku wake wameyakariri. Siyarudii. Nataka kukujibu swali uliloniuliza jikoni wiki iliyopita, nikalikwepa.

Ulikuwa unafanya mazoezi ya ule mtihani wa baba yako. Alikutumia kipande cha sinema kwenye simu, akataka umtilie sauti mtu mbaya wa mle ndani, yaani shefu-bandi, umrudishie, asikie kama unaifaa studio yake ya Kigoma. Ukawa unakoroma pale jikoni kama mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi. "Nitakuua, we! Nitakuua!" Mi nikacheka. Ukanuna, ukaweka simu chini, ukaniuliza:

"Basi Mama, we ulikaa mu sinema myaka yote ile. Shefu-bandi wa kuogopesha kabisa anasemaka namna gani?"

Nikakwambia, "Uliza wenye masomo." Nikaendelea kuchagua mchele.

Jibu nilikuwa nalo. Ninalo tangu ulipokuwa mgongoni mwangu. Lakini jibu lenyewe lina jina la mtu ndani yake, na mtu huyo anakuja kesho asubuhi kukuchukua ukaishi kwake.

Wewe umekulia kwenye simu, kwa hiyo sinema yetu ya mtaa wa Mutakura huijui. Ilikuwa nyumba ya mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, viti ni mbao zisizo na mgongo, na televisheni moja juu ya meza kama maiti inayosubiri kuswaliwa. Tulionyesha mchana, kwa sababu miaka ile ya vita giza likiingia kila mtu alipenda kuwa kwao. Upande mmoja wa televisheni aliketi baba yako na mikro, yaani kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, kwa Kihindi, kwa Kichina. Sauti ya filamu inapunguzwa, baba yako anasema yeye kwa Kiswahili, na Kirundi pale mambo yanapochacha. Kazi hiyo tuliita kusobanura, yaani kueleza, ingawa baba yako hakueleza kitu, alibuni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuliza njia na kutukana. Kichina hakuwa nacho hata cha kutukana. Lakini mdomo wa mtu ukifunguka kwenye kioo, alijua la kuutia. Mutakura nzima walimwita Redio.

Upande wa pili wa televisheni niliketi mimi na karanga zangu, mgongo ukutani. Pale nilipokaa kioo hakionekani. Watu husema Mama Zulfa ameona sinema nyingi. Mwanangu, sijaona hata moja. Nimeona nyuso. Jumamosi baada ya Jumamosi, nyuso zilizojaa mwanga wa sinema, zinanielekea mimi bila kuniona. Shule yangu ilikuwa hiyo. Kusoma nako nilijifunza kwenye maboksi ya kaseti, ndiyo maana mpaka leo herufi zangu ni kubwa kubwa kama nauza kitu.

Sasa sikia nilichojifunza.

Akija joka, au maiti anayetembea, watu walipiga ukelele na kujifunika macho, na chini ya mikono walikuwa wanatabasamu. Mimi nililiona lile tabasamu. Joka ni raha. Ukitoka nje ya sinema, Mutakura haina joka. Ina mashimo ya barabara, lakini joka haina. Akija shefu-bandi wa makovu, wa sigara na kicheko kirefu, watu walitafuna kwa kasi na kuniomba karanga nyingine. Huyo naye ni raha, unajua tangu anaingia kwamba atakufa kabla umeme haujakatika. Kumbe mtu akiogopa kweli hanunui. Ile karanga iliyo mdomoni anaiacha pale pale, shavu limevimba, hatafuni wala hatemi. Mimi nilipima hofu kwa karanga, na hofu ya kweli kwangu ilikuwa hasara tupu.

Hiyo hofu niliiona mara chache. Na kila mara, nikigeuza shingo kuchungulia kioo nijue ni mnyama gani, nilikuta mtu. Mtu tu. Kavaa shati safi, anakula, au anafuta miwani. Na mara zote alikuwa anasema polepole.

Baba yako wakati huo hakuijua siri hiyo. Mashefu-bandi wake wote walipiga kelele. Akawatilia mikoromo, vicheko, matusi ya Kirundi, na ukumbi ukawa unacheka. Patroni, mwenye sinema, mtu mnene aliyekaa mlangoni kukusanya viingilio, alikuja siku moja mpaka kwenye meza, wote tunamsikia.

"Redio! Watu banacheka shefu-bandi yangu! Hii ni sinema ya kuogopesha ama ni arusi?"

"Patroni, mi niko nasobanura vile iko."

"Vile iko, vile iko! Kesho tunairudilia. Wakicheka tena, utaenda kusobanura ku soko ya samaki."

Sinema hiyo ilikuwa ya mtu mmoja aliyemteka baba wa mtoto mdogo. Baba amefungiwa nyuma ya gari, kwenye buti. Mtoto anatoka shule, anamkuta huyu mtu kasimama kando ya gari, hamjui. Mtu yule anaona kamba za viatu vya mtoto zimefunguka. Anapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri, anamfunga kamba. Ni hayo tu. Baba yako pale alikuwa amemtilia kicheko kama cha fisi.

Alipokuja kunywa chai kando yangu amekunja uso, mimi nikasema. Laiti ningekuwa na karanga mdomoni.

"Sasa we mbona nyumbani haupigi kelele? Mufanye aseme vile unasemaka na mi."

"Vile gani?"

"Kama jana. Ile ya safari ya kwa dada."

Jana yake nilikuwa nimeomba kwenda Rumonge, dada yangu amejifungua. Nilikuwa nimeshafunga kanga mgongoni na wewe ndani yake. Baba yako alikuwa anapiga pasi shati. Hakuinua kichwa. Alisema, kwa upole kabisa, "Nenda. Nani anakukataza? Mi sijakasirika. Kama unaona mutoto hatapata baridi kule ku ziwa, nenda tu. Mi nitakula chochote." Kisha akatabasamu, akaendelea na kola. Sikwenda. Nilikufungua mgongoni, na nikajikuta namuuliza kama anataka chai.

Basi pale sinema nilisema vile nusu kwa mzaha, nusu kwa uchungu wa dada yangu. Baba yako akaweka kikombe chini. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyuma ya nyumba yake kuna chumba ambacho hakuwahi kukifungua.

Kesho yake sinema ile ikarudiwa. Watu walewale, wamekuja na vicheko vyao tayari. Ikafika pale kwenye kamba za viatu. Baba yako akauleta mikro karibu na mdomo, akasema taratibu:

"Kamba imekaza, mwanangu? Nilegeze? ... Apana? Uko sawa? ... Haya. Usikimbie sana, utaanguka. Sema aksanti."

Na mtoto kwenye kioo akafungua mdomo. Baba yako akamtilia kisauti: "Aksanti."

Zulfa, ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia mabati yakipanuka kwa jua. Fundi baiskeli mmoja, mzee aliyelipa kiingilio kila wiki ili aje kulala, aliamka mwenyewe, akaangalia huku na huku. Mwanamke mmoja aliinuka, akawaruka watu miguu, akatoka, hakurudi. Mashavu yote yamevimba. Sikuuza hata pakiti moja. Patroni mlangoni alikuwa anasugua mikono.

Nimezifikiria zile kamba kuliko nilivyofikiria aya nyingi. Kwanza nilidhani kinachotisha ni uongo: kwamba anajifanya mwema na huku moyoni ni mbaya. Wengi watakwambia hivyo, na ukienda studio wenzako watakwambia umtilie sauti ya mnafiki, tamu juu, chungu chini. Usiwasikilize. Mnafiki haogopeshi, anaudhi tu. Ukumbi mzima unamwona, watu wanamzomea na kununua karanga. Kilichowanyamazisha wale watu ni kwamba fundo lilikuwa fundo zuri. Yule mtu kweli hakutaka mtoto aanguke. Ukimsachi mfukoni hukuti uongo. Wema wake ni wa kweli, na ubaya wake ni wa kweli, vinakaa nyumba moja kama wapangaji wasiogombana, na hakuna anayemwona mwenzake kuwa tatizo. Sasa wewe mtazamaji ufanye nini? Umchukie vipi mtu aliyepiga magoti kwenye vumbi? Hofu inatoka hapo. Haitoki kwake, inatoka kwako, kwa sababu unagundua kwamba ungekuwa wewe ni mtoto yule, nawe ungesema aksanti.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la mtihani. Usiikaze sauti. Mpe haja ndogo ya kweli: anataka mtu mwingine awe sawa. Mpe subira. Asiombe kuogopwa; aombe kushukuriwa, na angoje mpaka apate. Ukifanya hivyo baba yako atakusifu. Atajua pia umefundishwa na nani, na hatalisema.

Lakini mimi sikuandika barua yote hii kukupitisha mtihani.

Siku ile baba yako alirudi nyumbani amefurahi, akanishika bega: "Umenisaidia, mama watoto." Na mimi mjinga nikafurahi. Nilidhani nimemfundisha kazi. Sikujua kwamba mpaka siku ile alikuwa nayo ile sauti kama mtu mwenye harufu ya mdomo, anayeumiza watu bila kujisikia. Mimi ndiye niliyempa kioo. Tangu hapo alijua anayo, alijua inafanya nini, na alikwisha kuijaribu kwa ukumbi mzima ikafanya kazi.

Miezi ikapita, nikaenda Rumonge kweli, maana mtoto wa dada yangu alikuwa anaumwa. Hakunikataza, tena alinisindikiza mpaka kituoni, akakubusu paji la uso. Niliporudi mchana nilikuta nyumba imefagiliwa, nguo zako zimefuliwa na kukunjwa, wali umepikwa. Sufuria yangu ya kukaangia karanga haipo. Kigoda changu hakipo. Kumbe nafasi yangu pale sinema alikuwa ameshampa mwanamke mwingine, na vyombo vyangu pia.

"Uko unachoka sana," akasema, ananipakulia wali. "Kila siku na mutoto mugongoni, moshi, watu. Nimekupumzisha."

Nikakaa. Sahani mbele yangu ilikuwa inatoa moshi. Akakaa naye, hakula. Alikuwa ananiangalia kwa upendo. Nakuapia, ulikuwa upendo, nilishautafuta uongo ndani yake kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, sikuupata. Anangoja.

Nikasema, "Aksanti."

Ndipo akachukua kijiko.

Hakunipiga hata siku moja. Ningekuwa na alama ningeenda kwa shehe, kwa shefu wa mtaa, kwa yeyote, ningesema tazama. Mimi ningewaonyesha nini? Wali? Nilijaribu mara moja kwa mama yangu mzazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Anafua nguo za mtoto, yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaniomba nisimwambie mtu, watu watanicheka.

Hapa Bujumbura mtu mwema wa sinema tunamwita akteri, na mbaya tunamwita shefu-bandi. Mwalimu mmoja mteja wangu aliwahi kunieleza kwamba kwa Kifaransa cha kweli wote wawili ni akteri, kwa sababu wote wanaigiza. Nilimbishia mpaka watu wakatuzomea. "Apana, mwalimu! Akteri ni mumoja!" Tangu utoto tunajua: filamu ikianza, swali la kwanza ni akteri ni nani, na ukishaonyeshwa umemaliza kazi ya kufikiri. Akteri akiua watu ishirini ukumbi unampigia makofi, lazima walikuwa na kosa. Ni kosa letu la watu wa huku, na mimi nimelilipia. Kwa sababu mtaani baba yako alikuwa akteri. Aliyebaki, yaani mimi, ambaye hakuwa na jina kwenye filamu, alibuniwa kosa.

Unataka kujua kwa nini nilitoka. Umekuwa ukiambiwa baba alikwenda Kigoma kutafuta maisha na mama akashindwa kumfuata. Hiyo niliitunga mimi, na kama Kichina cha baba yako, ilifuata tu midomo. Ukweli ni huu: ulikuwa umeanza kukimbia. Mchana mmoja ukaanguka uani, goti likachubuka, damu ikatoka. Mtoto akianguka analia, au anamwangalia mama yake kisha analia. Wewe hukulia. Ulimwangalia baba yako, aliyekuwa kaketi mlangoni anasoma gazeti. Ulimwangalia uso, na kinywa chako kimeshafunguka, ukangoja kuona kama inafaa. Naye akatabasamu, akatikisa kichwa kidogo, apana. Ukafunga mdomo, ukainuka.

Jirani mmoja alikuwepo. Akasema, "Mutoto muzuri huyu, hasumbui."

Wiki hiyo hiyo nilikubeba nikaja huku Carama, kwa shamba la mihogo la marehemu babu yako, wakati huku bado ni majani tu. Yeye hakutufuata. Alituma salamu: hajakasirika.

Baadaye ndiyo akaenda Kigoma. Ukakua, akaanza kukupigia simu. Sikukatazi kumpenda, na simwiti muongo anaposema anakupenda. Anakupenda. Ningekuwa na hakika kwamba anajifanya, leo ningelala vizuri.

Sasa hili ndilo la kwako, na ni moja. Kule Kigoma usipoteze siku kuutafuta ubaya wake. Utakuta wema, utaniona mimi ni mwenda wazimu. Usimwangalie yeye kabisa. Fanya kama mimi na karanga zangu, geuzia televisheni mgongo, uangalie wanaoangalia. Ana mke kule na ana watoto wadogo. Siku ya kwanza, mkiwa mezani, sema kitu cha kuchekesha; unavijua vingi. Kisha tazama macho ya yule mwanamke yanakwenda wapi kabla hajacheka. Yakija kwako moja kwa moja akacheka, basi mtu amebadilika, kwa sababu watu hubadilika, na mimi nitakuwa nimechafua karatasi bure, utanisamehe. Yakipita kwanza kwa baba yako, hata kidogo tu, hata kama mtu anayehesabu taa, wewe umeshaona sinema yote. Usingoje mwisho.

Na ukijikuta wewe mwenyewe umefanya hivyo, hiyo ndiyo dalili ya haraka zaidi.

Jumapili iliyopita ulimwona alivyokuja hapa. Ulikuwa umeng'aa kama sinia. Amekuja na gari la kukodi kutoka hoteli yake ya Rohero, gari lenye mafuta, jambo ambalo siku hizi Bujumbura linatosha mtu kuitwa mheshimiwa. Amekuja na mkate, na kitenge changu, na Kiswahili chake cha Kigoma kilichopigwa pasi. Siku hizi anasema "hapana" na hiyo h yake mbele, kama kofia. Akakaa uani mahali kila mtu anamwona. Mama Divine akasogeza kigoda. Ndipo akasema ile, wewe machozi yakakutoka:

"Mama Zulfa, mbele ya jirani yako na mbele ya mtoto, mimi ndiye niliyekosa. Makosa yote ni yangu. Naomba radhi."

Ulinishika mkono ukanitikisa. Hukusikia kilichofuata kwa sababu hakikuwa maneno. Alinyamaza. Akaniangalia kwa upole, akangoja. Nilimjua yule anayengoja. Kama ningesema "nimekusamehe", mambo yameisha, hakuna atakayeuliza ni makosa gani. Kama ningenyamaza, basi uone alivyo na moyo mgumu huyu mwanamke. Nikanyamaza. Nikaenda kuangalia maharage, ambayo hayakuwa motoni.

Nikiwa kule nyuma nilimsikia Mama Divine: "Mutu mupole hivi! Mama Zulfa alimuacha juu ya nini?"

Na nilimsikia akijibu, "Hapana, shemeji, usimlaumu. Alikuwa amechoka."

Jioni yake nilitaka kukukataza. Nilikuja mpaka mlangoni kwako. Wewe ukasema kabla sijaanza, "Mama, unakasirika niende?" Na kinywa changu kikafunguka, na nikasikia kinachotoka: "Nenda tu. Nani anakukataza? Mi sijakasirika." Neno kwa neno, na ile sauti, na kile kitabasamu. Miaka yote hii nilidhani ile sauti niliiacha Mutakura, kumbe nimekaa nayo mlo mmoja mpaka imeingia. Wewe ukafurahi, ukanikumbatia. Baada ya hapo nikanyamaza siku nzima nisije nikaitumia tena, halafu nikakumbuka kwamba hata kunyamaza ni kwake. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi sina sauti, na wewe unaweza kunikunja ukaniweka chini wakati wowote.

Basi niseme wazi, kwa herufi zangu za kuuzia: NIMEKASIRIKA. Sitaki uende. Nimekasirika kwake, kidogo kwako, na zaidi kwangu. Na unakwenda, kwa sababu u mtu mzima, sauti yako ni nzuri, na hapa Carama kazi ya sauti ni kuita watu wanunue nyanya. Sikuzuii. Ningekuzuia ungebaki ukiniangalia uso kabla ya kulia.

Kesho atakuja mapema na majirani watakuwa nje. Atanisalimia vizuri sana. Na mimi, kabla begi lako halijaingia kwenye gari, nitasimama mbele ya mlango wa gari na kuanza kuuliza. Nyumba iko mtaa gani, msikiti gani uko karibu, balozi wa mtaa ni nani. Halafu nitaitaka namba ya simu ya mke wake. Siyo yake yeye, ya mke, niwe na njia ya kukufikia isiyopita kwake. Nitaitaka aisome kwa sauti, na nitaipiga hapo hapo, nimsikie huyo mwanamke akiitika. Atasema, "Mama Zulfa, unanivunjia heshima mbele za watu." Atasema polepole. Mama Divine atashika mdomo. Nitapandisha sauti, nitakuwa mbaya, kanga itanianguka begani, watu watasema yule mwanamke ana roho ya shetani na mtoto kafanya vizuri kumkimbia. Nawe utaona aibu, natamani ningekuepusha nayo lakini siwezi. Pale barabarani lazima mmoja wetu aonekane mbaya, na yeye hataki.

Usinitetee. Usiniombe ninyamaze. Simama tu karibu na simu yako mkononi, na namba ile ikisomwa, iandike.

Mama yako,
Carama